Dk Livingstone: Daktari mmisionari aliyebebwa miezi tisa hadi Bagamoyo

Februari 1874, mji wa Bagamoyo ulipokea mzigo wa ajabu. Ulifungwa kwa kitambaa, gome la mti na turubai. Ndani yake kulikuwa na mwili wa daktari Mskochi, David Livingstone.

Waliombeba hawakuwa askari wala Wazungu wenzake. Walikuwa Waafrika aliosafiri nao, na walikuwa wametembea na maiti hiyo kwa miezi tisa kutoka eneo ambalo leo ni Zambia.

Kutoka kiwandani hadi udaktari

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, Blantyre, Scotland, kwenye familia maskini. Akiwa na miaka 10 tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Mchana kutwa kazini, usiku darasani.

Alisoma tiba na dini mjini Glasgow, akapata leseni ya udaktari mwaka 1840. Ndoto yake ilikuwa kwenda China, lakini Vita vya Kasumba vikaziba njia. Mwaka uliofuata akajikuta Afrika Kusini.

Huko alitibu wagonjwa na kuhubiri. Mwaka 1844 simba alimrukia, akamvunja mkono wa kushoto. Mfupa haukuunga vizuri, na alama hiyo ilikuja kuwa na kazi baadaye.

Kwenye kuhubiri hakuvuna wengi. Anayetajwa zaidi ni Sechele, chifu wa Wakwena, aliyebatizwa mwaka 1848. Kwenye tiba alifanya makubwa zaidi: alichanganya kwinini na dawa za kuharisha kupambana na malaria, na baadaye vidonge vya aina hiyo viliuzwa madukani.

Lakini malaria hiyo hiyo ilimuua mkewe, Mary, mwaka 1862 huko Shupanga, Msumbiji.

Sanduku la dawa latoweka

Mwaka 1866 alirudi Afrika kupitia Zanzibar. Safari hii alitaka kujua chanzo cha Mto Nile na kuifichua biashara ya watumwa.

Januari 1867 mambo yakaharibika. Wapagazi wawili walitoroka msituni na sanduku lake la dawa. Daktari akabaki bila kwinini, na katika shajara yake aliandika kuwa alihisi amehukumiwa kifo.

Kuanzia hapo homa na kuhara damu havikumwacha. Kilichomweka hai mara kadhaa ni chakula na hifadhi ya wafanyabiashara wa misafara, akiwemo Tippu Tip. Ndiyo, watu wa biashara ile ile aliyokuwa akiipinga.

Julai 1871 alishuhudia watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, Kongo. Taarifa zake ziliongeza shinikizo nchini Uingereza, na Juni 1873 soko la watumwa Zanzibar likafungwa. Yeye hakuipata habari hiyo.

Mwaka huo huo wa 1871, mwandishi Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na msafara mkubwa, akamkuta Ujiji akiwa hoi. Alimletea dawa na vyakula, lakini Livingstone alikataa kurudi naye Ulaya.

Moyo ukabaki, mwili ukarudi

Alfajiri ya Mei 1, 1873, katika kijiji cha Chitambo, wasaidizi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amefariki.

Wangeweza kumzika pale pale, wakatawanyika. Hawakufanya hivyo. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,500.

Wengine walikufa njiani. Walipofika Unyanyembe, Tabora, ofisa wa Kiingereza aliwashauri wamzike huko. Wakakataa. Mbele kidogo, wenyeji walipogoma kupitisha maiti, walijifanya wameirudisha, kumbe wameifunga upya kama robota la nguo.

Bagamoyo, mwili ulilazwa kwenye kanisa la mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni hapo mwaka 1868. Mnara wa kanisa hilo bado upo, na unaitwa kwa jina la Livingstone.

Huko London madaktari waliutambua mwili kwa mfupa ule uliovunjwa na simba. Aprili 18, 1874 akazikwa Westminster Abbey. Jacob Wainwright, aliyesoma ibada kule Chitambo, alihudhuria. Susi na Chuma, walioongoza msafara, walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.

Jiwe la kaburi linataja mikono iliyomleta, lakini halina jina la hata mmoja wao. Abdullah Susi na James Chuma walirudi Zanzibar, wakaendelea kuongoza misafara, na huko huko ndiko walikofia.