Thoreau na nakala 706

Bumu likichelewa ndiyo namkumbuka Henry David Thoreau. Alizaliwa 1817 Concord, Marekani, akamaliza Harvard 1837, akapata kazi ya ualimu. Hakumaliza hata mwezi: alitakiwa kuchapa wanafunzi, akaacha. Sisi wa elimu hapo tunyamaze kidogo.

Mwaka 1845 alijenga kibanda kando ya bwawa la Walden, kwenye ardhi ya rafiki yake Emerson. Gharama aliziandika hadi nusu senti: dola 28, senti 12 na nusu. Akalima maharage, akaandika, miaka miwili na kitu. (Wapo wanaomcheka eti alikuwa anaenda kula kwa mama yake. Sasa kosa liko wapi?)

Kitabu chake cha kwanza, 1849, alikitoa kwa gharama yake, nakala 1,000. Mwaka 1853 mchapishaji akamrudishia 706, zimedoda. Akazipandisha chumbani. Deni alililipa kwa kupima mashamba ya watu. Mwaka uliofuata akatoa Walden, kuhusu kile kibanda. Kifua kikuu kikamuua 1862, ana miaka 44.

Mimi nina daftari la hadithi, limekataliwa mara mbili, lipo chini ya kitanda. Juzi nimelitoa.