Bwana Alfred Büchi na Pumzi ya Injini

Wakati wa likizo nilipanda lori la mjomba wangu, lililokuwa likivuta tela la mananasi kutoka Kiwangwa kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Bagamoyo. Likiwa tupu, lori hilo halikuwa na kasoro. Lakini likivuta mzigo, kila tulipopanda mwinuko mrefu, sindano ya geji ya turbo ilipita alama nyekundu, kisha injini ikaishiwa nguvu ghafula. Fundi mmoja alikuwa amekwisha mwambia mjomba anunue turbo mpya, na bei yake ilimnyima usingizi. Basi nikaona nitafute habari za mtu aliyebuni chombo hicho.

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai, 1879, katika mji wa Winterthur, nchi ya Uswisi. Ni mji wa viwanda, na baba yake alikuwa na cheo katika kiwanda cha Sulzer. Kijana huyo alisoma uhandisi mjini Zurich, kisha akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza. Jambo lililomsumbua ni moshi. Aliona kuwa sehemu kubwa ya joto la mafuta hutoka nje na moshi, ikapotea bure. Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 26, alipata hati ya kulinda wazo lake: moshi uzungushe gurudumu la mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine linalosukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka.

Wazo lilikuwa jema, lakini kazi ilikuwa ngumu. Alifanya majaribio huko Sulzer, akashindwa, akajaribu tena. Rudolf Diesel mwenyewe, mwenye injini, alitoweka baharini mwaka 1913 bila kuona mwisho wa jambo hili. Ilipofika mwaka 1925 ndipo Büchi alipofumbua fumbo: aliyagawa mabomba ya moshi, ili silinda moja isiisumbue nyingine kwa moshi wake. Miaka ishirini ilikuwa imepita! Mwaka 1926 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilishushwa majini zikiwa na mtambo wake, na kila injini ilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ikatengeneza injini ya lori yenye turbo. Büchi alifariki mjini kwao Winterthur mwaka 1959, akiwa na miaka 80.

Taabu yake ilikuwa kupata hewa ya kutosha. Taabu yetu ilikuwa hewa kuzidi. Turbo nyingi za malori zina kilango kinachofunguka hewa ikifika kipimo, moshi mwingine upite pembeni bila kuzungusha gurudumu. Lori likiwa tupu kilango hicho hakihitajiwi sana, ndiyo maana ubovu wake haukuonekana. Likivuta tela mlimani, mafuta huungua kwa wingi na moshi huwa mkali. Kilango kisipofunguka, hewa hupita kiasi, na kompyuta ya gari hukata mafuta ili injini isipasuke.

Tulipofika Bagamoyo, fundi mzee aliukagua kwanza mpira mwembamba unaopeleka hewa kwenye kilango. Haukutoboka. Akapuliza hewa ndani yake kwa pampu: kifimbo cha kilango hakikusogea hata kidogo. Kilikuwa kimeshikwa na kutu, kwa kuwa lori hulala karibu na pwani, na chumvi haina huruma na chuma. Alikifungua, akakisugua, akakitia mafuta, akapima tena. Turbo yenyewe ilikuwa nzima.

Tuliondoka jioni na sindano haikupita alama tena. Mananasi yalifika sokoni siku ya pili, mengine yameanza kulainika, na mjomba aliyauza hayo kwa bei ya hasara.