Louis Brandeis: Jaji aliyetetea sauti ya majimbo

WAHENGA walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, nchini Marekani mahakama za aina mbili zimekaa pamoja tangu mwaka wa 1789: mahakama za kila jimbo, na zile za serikali ya kitaifa ziitwazo mahakama za shirikisho. Kwa karne moja na nusu mawakili walisumbuliwa na swali moja: je, mahakama ya shirikisho inayoketi ndani ya jimbo yapaswa kufuata utaratibu wa jimbo hilo, au wake yenyewe?

Mmoja wa majaji ambao majina yao hayawezi kutengwa na swali hilo ni Louis Brandeis.

Brandeis alizaliwa mnamo Novemba 13, 1856 mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Bohemia. Alijiunga na chuo cha sheria cha Harvard akiwa na umri wa miaka 18, na kufuzu mwaka wa 1877 kabla ya kutimiza miaka 21. Macho yake yalikuwa dhaifu hivi kwamba wanafunzi wenzake walimsomea vitabu.

Alipofungua ofisi mjini Boston mwaka wa 1879, alipata utajiri kutokana na wateja wa kibiashara. Lakini alipotetea maslahi ya umma hakutoza ada. Mwaka wa 1908 aliitetea sheria ya jimbo la Oregon iliyowazuia waajiri kuwafanyisha wanawake kazi kwa zaidi ya saa 10 kwa siku. Aliwasilisha hati ya zaidi ya kurasa 100, nyingi zikieleza hali halisi ya wafanyakazi, na akashinda.

Rais Woodrow Wilson alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu mnamo Januari 1916. Matajiri na mawakili mashuhuri walimpinga vikali kwa miezi minne. Miongoni mwa waliomtetea alikuwa Seneta Thomas Walsh wa Montana. Hatimaye Seneti ilimwidhinisha kwa kura 47 dhidi ya 22, akawa Myahudi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo.

Huko alikuta mvutano wa kale. Mnamo 1789, siku chache baada ya kuunda mahakama za shirikisho, Bunge la Congress liliziagiza zifuate utaratibu uliokuwa ukitumika wakati huo katika jimbo husika. Kasoro ilijitokeza baadaye. Majimbo yaliendelea kurekebisha taratibu zao, kama New York ilivyofanya mwaka wa 1848, lakini mahakama za shirikisho zilibaki na ule wa zamani. Wakili alilazimika kujifunza utaratibu ambao jimbo lake lilikwisha kuuzika.

Congress ilijaribu kutibu kasoro hiyo mwaka wa 1872 kwa kuziamuru mahakama hizo zifuate utaratibu wa sasa wa jimbo kwa kadiri iwezekanavyo. Maneno hayo ya mwisho yaliacha mwanya, na majaji wengi waliutumia kujiamulia watakacho. Aidha, kesi ambazo mlalamishi hakuomba fidia bali agizo la kuzuia au kushurutisha jambo zilikuwa na kanuni zake za kitaifa tangu 1822.

Chama cha mawakili wa Marekani kilidai kanuni moja kwa nchi nzima. Seneta Walsh alikataa katakata. Kwa maoni yake, wakili wa mashambani ambaye huingia mahakama ya shirikisho mara chache hakupaswa kubebeshwa taratibu mbili ili kuwafaa mawakili wa miji mikubwa wanaozunguka majimbo. Walsh alifariki mnamo Machi 1933, na mwaka uliofuata sheria ikapita. Charles Clark, mkuu wa kitivo cha sheria cha Yale, akaongoza uandishi wa kanuni hizo.

Mahakama ya Juu ilipozipitisha mnamo Desemba 1937, ni Brandeis pekee aliyenakiliwa kuwa hakukubaliana nazo. Agizo lenyewe halikutaja sababu zake. Lakini kwa miaka mingi alikuwa ameshikilia kwamba kila jimbo liachiwe nafasi ya kujaribu njia zake.

Imani hiyo ilikuwa na mizizi. Tangu mwaka wa 1842, kufuatia uamuzi ulioandikwa na Jaji Joseph Story, mahakama za shirikisho zilikuwa zikipuuza maamuzi ya majaji wa majimbo katika mambo mengi na kujitungia kanuni za haki na wajibu. Mnamo 1928 kampuni moja ya teksi ya Kentucky ilijisajili upya Tennessee ili tu ipeleke kesi katika mahakama ya shirikisho na kukwepa sheria ya Kentucky. Ilishinda. Brandeis alikuwa miongoni mwa majaji watatu waliopinga.

Nafasi ya kurekebisha jambo hilo ilitokana na ajali. Usiku mmoja wa Julai 1934, Harry Tompkins alikuwa akitembea kando ya reli huko Pennsylvania alipogongwa na kitu kilichochomoza kwenye garimoshi, akapoteza mkono wake wa kulia. Alishtaki kampuni ya reli ya Erie katika mahakama ya shirikisho jijini New York na kutunukiwa dola 30,000, ilhali sheria ya Pennsylvania ingembana kama mtu aliyeingia mahali bila ruhusa.

Mnamo Aprili 25, 1938, Brandeis alitangaza kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kutunga sheria hizo za jumla. Lazima zifuate sheria ya jimbo. Tompkins hakupata hata senti.

Miezi mitano baadaye, Septemba 16, zile kanuni alizozikataa zilianza kutumika. Hivyo basi, katika mwaka mmoja mahakama za shirikisho zilirudi kwenye sheria za majimbo na kuuacha utaratibu wao. Tangu hapo majaji wamevutana kuhusu mpaka kati ya haki na utaratibu. Mnamo 1965 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kanuni halali ya shirikisho inapogongana na utaratibu wa jimbo, ya shirikisho ndiyo itakayotumika.

Brandeis alistaafu Februari 1939 na kufariki Oktoba 5, 1941. Majivu yake yalizikwa katika chuo cha sheria cha Louisville ambacho sasa kina jina lake. Baadaye majimbo mengi yaliziiga kanuni za 1938 kwa hiari yao. Wakili wa mashambani aliyetetewa na Walsh alipunguziwa mzigo, ingawa safari hii jimbo ndilo lililofuata nyayo za shirikisho.