Ivan Aivazovsky: Mchoraji wa Bahari Aliyeupa Mji Wake Maji

Wengi katika wanadamu hupata sifa, lakini ni wachache wanaowaachia jirani zao kitu cha kuwafaa baada ya sifa hiyo kupita. Ivan Aivazovsky alikuwa katika hao wachache. Yeye hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo wa taifa la Waarmeni na raia wa Urusi. Walakini maisha yake yaligusana na Waislamu tangu kuzaliwa kwake hata kufa kwake, mara kwa heri na mara kwa uchungu, na uadilifu wataka mtu atajwe kwa mema yake hata akiwa si wa dini yetu.

Alizaliwa mwezi wa Julai mwaka wa 1817 katika mji wa Feodosia, ulioko Krimea katika pwani ya Bahari Nyeusi. Waturuki waliuita mji huo Kefe, na tangu mwaka wa 1475 ulikuwa katika himaya ya Dola ya Uthmaniya kwa muda wa karibu miaka mia tatu, kabla ya Krimea kutwaliwa na Warusi mwaka wa 1783. Alipozaliwa yeye, Watatari Waislamu, Waarmeni, Wayunani na Warusi waliishi humo pamoja. Baba yake alikuwa mfanya biashara aliyefilisika kwa sababu ya tauni ya mwaka wa 1812, na mama yake alidarizi nguo za watu ili nyumba ipate riziki.

Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alikuwa akichora merikebu kwa mkaa juu ya kuta nyeupe za mji, hata habari zake zikamfikia mkuu wa mji, Alexander Kaznacheev. Mkuu huyo hakumwadhibu, bali alimpa karatasi na rangi. Na alipopandishwa cheo kuwa gavana wa jimbo, akamchukua hadi Simferopol akasome skuli. Mwaka wa 1833 akapelekwa Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi wakati huo, kusoma katika Chuo cha Sanaa kwa gharama ya serikali.

Huko alifikiwa na mtihani. Aliwekwa chini ya mchoraji Mfaransa, Philippe Tanneur, naye akamtumia kama mtumishi wa kumtayarishia rangi. Kijana alipozitoa picha zake katika maonyesho ya mwaka wa 1836 bila ya idhini ya mwalimu huyo, Tanneur alimshtaki kwa mfalme Nicholas wa Kwanza, na picha zikaamriwa kuondolewa. Basi akakaa muda bila ya radhi ya mfalme, mpaka watu wema walipomwombea akasamehewa. Mwaka uliofuata chuo kilimpa nishani ya dhahabu.

Mwaka wa 1840 alikwenda Italia, na huko akaimarika katika njia yake ya kazi. Wachoraji wengi huketi mbele ya kitu wanachokichora. Yeye aliona kwamba wimbi halimngoji mtu, wala umeme wa radi hausimami utazamwe. Kwa hiyo ufukweni alichukua alama chache tu kwa kalamu ya risasi, kisha akarudi chumbani mwake na kuichora bahari kwa nguvu ya kumbukumbu. Picha yake mashuhuri kupita zote ni ile iitwayo Wimbi la Tisa, aliyoifanya mwaka wa 1850. Inaonyesha watu waliovunjikiwa na chombo, nao wameng'ang'ania kipande cha mlingoti, mawimbi yamewazunguka, na jua la asubuhi linachomoza mbele yao. Wanazuoni wetu wamelizungumza sana suala la picha, hasa za vyenye roho, wala hatukukusudia kulirudia hapa.

Aliporejea Urusi mwaka wa 1844 alifanywa mchoraji wa makao makuu ya jeshi la baharini. Kwa ajili ya cheo hicho alichora vita vingi ambavyo Warusi waliwashinda Waturuki, kama vile vita vya Sinop vya mwaka wa 1853. Mwislamu azitazamapo picha hizo hawezi kufurahi. Pamoja na hayo, masultani wa Stambuli waliipenda kazi yake. Alianza kuuona mji huo mwaka wa 1845, akachora misikiti yake na mlango wake wa bahari katika mbalamwezi. Sultani Abdulmejid alimtunuku nishani, na mwaka wa 1874 Sultani Abdulaziz alimwagiza picha zipatazo thelathini kwa ajili ya kasri yake ya Dolmabahçe.

Mtu wa cheo hicho angeweza kukaa Petersburg karibu na mlango wa mfalme. Yeye alichagua kurudi Feodosia, akajenga nyumba kando ya bahari, na mwaka wa 1865 akafungua humo skuli ya uchoraji. Mwaka wa 1880 alifungua nyumba ya kuwekea picha, na katika wasia wake akaiacha iwe mali ya mji.

Lakini Feodosia ilikuwa na dhiki kubwa kuliko haja ya picha. Bahari ilikuwa mbele yao, na maji matamu ya kunywa yalikuwa haba. Kila kiangazi watu waliteseka kwa kiu. Aivazovsky alikuwa na shamba lenye chemchemi iitwayo Subash, jina la Kitatari lenye maana ya kichwa cha maji, umbali wa kilomita zipatazo 25 kutoka mjini. Mwaka wa 1887 aliuandikia mji barua kwamba hawezi tena kuyatazama mateso ya watu wake, na kwamba anawapa milele ndoo 50,000 za maji kila siku kutoka chemchemi hiyo. Mji ukalaza mabomba, na mwaka wa 1888 maji yakafika, yakatoka katika sabili iliyojengwa kwa mtindo wa Mashariki. Mtatari, Mwarmeni, Myunani na Mrusi wote walikinga hapo.

Sasa tufike kwenye uchungu, kwani kuuficha ni dhulma. Kati ya mwaka wa 1894 na 1896, katika utawala wa Sultani Abdulhamid wa Pili, Waarmeni maelfu kwa maelfu waliuawa katika Dola ya Uthmaniya. Mzee huyo alipopata habari alizichukua nishani alizopewa na masultani akazitupa baharini. Sheria yetu imeharamisha damu ya asiye Mwislamu aliye katika amana ya dola ya Kiislamu, na waliowaua wasio na hatia waliivunja amana hiyo. Basi hatuna la kumlaumu katika kitendo chake.

Hakuacha kazi hata uzeeni. Mwaka wa 1898, umri wake ukiwa umefika miaka 80, alichora picha kubwa iitwayo Katikati ya Mawimbi kwa muda wa siku zipatazo kumi. Alifariki mwezi wa Mei mwaka wa 1900, na picha aliyokuwa ameianza ikabaki haikwisha. Alizikwa mjini mwake, katika uwanja wa kanisa la Kiarmeni alikobatizwa. Inahesabiwa kuwa alichora picha zipatazo 6,000.

Ndugu zangu, si kila mmoja wetu amejaaliwa mkono wa kuchora bahari, na wala hatuulizwi hilo. Lakini kila aliyepewa chemchemi, ikiwa ni mali, elimu au cheo, ana jirani mwenye kiu. Aivazovsky aliitazama kiu ya jirani zake, akawapa maji yaliyokuwa yake, wala hakuuliza ni nani katika wao aliye wa kanisa lake. Nasi tulioahidiwa malipo ya sadaka yenye kuendelea tuna haki zaidi ya kuwa wa mbele katika jambo hilo. Mwenyezi Mungu atujaalie.