Al-Habib Saleh bin Alwi Jamalilaili, Mwalimu wa Wanyonge wa Lamu

  

Jumuiya yo yote ya Waislamu inayojishughulisha na mayatima, wajane, wagonjwa na wageni wasiokuwa na mahali pa kulala, yafaa ijue kuwa kazi hiyo haikuanza leo. Wametangulia watu walioifanya kwa mikono mitupu, wakasemwa vibaya kwa ajili yake, wakavumilia mpaka Mwenyezi Mungu akawapa ushindi. Mmoja wao ni Al-Habib Saleh bin Alwi Jamalilaili wa Lamu. Yeye hakufika Ziwa Mweru wala hakuyaona maji ya Luapula. Lakini khabari zake zawahusu watu wa Nchelenge, Kashikishi na Kilwa ya ziwani kuliko wadhanivyo, na sababu yake itaonekana mbele.

Habib Saleh alizaliwa Ngazija, kisiwa kikubwa katika visiwa vya Komoro, yapata mwaka 1853. Ukoo wake ni wa masharifu wa Jamalilaili, ambao asili yao ni mji wa Tarim katika nchi ya Hadhramaut. Wazee wa ukoo huo walivuka bahari zamani, wakashukia Pate, na wengine wakaenda wakakaa Ngazija, wakaoa na kuzaa huko, wakawa watu wa huko kwa lugha na desturi. Basi Saleh alikuwa Mngazija kwa kuzaliwa na sharifu kwa nasaba, akalelewa katika elimu na uchaji.

Katika ujana wake alisafiri mpaka Lamu, ambako tayari walikuwako jamaa wa ukoo wake. Alisoma kwa wanavyuoni wa mji huo, na katika waliomsomesha yumo Sayyid Mansab, aliyekuwa mwanachuoni na mshairi mashuhuri. Alisoma fiqhi ya Kishafii, nahau, tafsiri na elimu nyinginezo, akashika njia ya Alawiya kama ilivyo ada ya masharifu wa Hadhramaut. Alijua pia mambo ya tiba, na watu walikuwa wakimwendea kwa dawa na dua.

Ili kuifahamu kazi yake, kwanza yapasa kuufahamu mji wa Lamu ulivyokuwa zama hizo. Lamu ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, na mwaka 1895 Waingereza wakaitwaa nchi yote ile kuwa himaya yao. Mji wenyewe ulikuwa na pande mbili. Upande wa Mkomani yalikuwa majumba ya mawe, yenye kuta nene na milango ya kuchongwa. Humo wakikaa waungwana, wenye mashamba na wenye vyombo. Upande wa Langoni zilikuwa nyumba za udongo na makuti. Humo wakikaa wageni waliotoka Ngazija, Hadhramaut na visiwa vya Wabajuni, pamoja na watumwa na wana wa watumwa. Utajiri wa Lamu ulitoka katika mashamba ya bara iliyo mkabala wa kisiwa, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa.

Watumwa hao walitoka wapi? Hapa ndipo khabari hii inapoligusa ziwa. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na watu ilitoka Pwani ikaingia bara mpaka nchi ya Mwata Kazembe. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Watabwa katika nchi iliyo baina ya Mweru na Tanganyika, akamshinda na kuzichukua pembe zake. Mwaka huo huo mmisionari Livingstone alipofika Mweru na kwa Kazembe alikuta watu wa Pwani wamekwisha kutangulia, akiwamo Muhammad bin Saleh aliyekuwa amekaa huko miaka. Baadaye wafanyabiashara kama Abdalla bin Suleiman waliweka maboma karibu na ziwa, wakitoa nguo na bunduki na kupokea pembe na watu. Waliotekwa katika nchi za ndani walipelekwa kwa miguu, wengine kwa njia ya Ziwa Nyasa mpaka Kilwa Kivinje, wengine kwa njia ya Tabora mpaka Bagamoyo. Na waliosalimika na njaa na maradhi ya njiani waliuzwa Unguja, Pemba, Mombasa, Malindi na Lamu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kuikomesha biashara hiyo baharini, lakini kwa siri iliendelea miaka mingi.

Ni lazima ukweli huu usemwe waziwazi. Dini ilifika katika nchi hizi za bara pamoja na watu wa misafara. Na miongoni mwa watu wa misafara walikuwamo waliowatenda wenyeji dhulma kubwa. Aliyeleta tasbihi kwa mkono mmoja, pengine mkono wa pili alishika mnyororo. Dhulma hiyo si katika Uislamu, nao ambao uliufanya ukombozi wa mtumwa kuwa kafara ya madhambi na ibada yenye thawabu kubwa. Lakini jambo hilo halisafishwi kwa maneno. Husafishwa kwa vitendo vya watu wa namna ya Habib Saleh.

Yule aliyefikishwa Lamu akiwa mtumwa alifundishwa kutamka shahada, na pengine kusali. Zaidi ya hapo mlango ulifungwa. Elimu ya dini ilikuwa kama urithi wa nyumba chache: baba humsomesha mwanawe, na mwana wa mtumwa hana nafasi katika duara la darsa. Basi mtu alikuwa Mwislamu pasi na kuijua dini yake, na unyonge wake wa dunia ukatiwa juu yake unyonge wa ujinga.

Habib Saleh aliliona jambo hilo, wala hakuridhika nalo. Angaliweza kukaa Mkomani pamoja na wakubwa, kwani nasaba yake ilimtosha kuheshimiwa na kulishwa. Hakufanya hivyo. Alikwenda akakaa Langoni, katika kibanda cha udongo, baina ya watu wanyonge. Akawasomesha watoto wao Qurani na herufi, na wazee wao namna ya kutawadha, kusali na kufunga. Akawatibu wagonjwa wao. Akala chakula chao na kuzika maiti zao. Hakuwaita waje kwake katika mji wa mawe. Yeye ndiye aliyewafuata walipo.

Jambo hilo liliwachukiza wakubwa wengi wa mji. Waliona kuwa sharifu amejishusha, na kuwa elimu imetupwa chini. Wengine walikhofu kuwa mtumwa akijua haki zake mbele ya Mungu hatakubali tena kuwa chini. Alidharauliwa na kusimangwa. Yeye hakujibu matusi kwa matusi, wala hakuwagombanisha wanyonge na mabwana zao, aliendelea kusomesha.

Ikazuka na khitilafu nyingine. Habib Saleh alikuwa na mapenzi makubwa kwa Al-Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915, naye ndiye mtungaji wa maulidi yaitwayo Simtu Durar. Habib Saleh aliyasimamisha maulidi hayo Lamu, yakasomwa kwa sauti nzuri na kupigwa matari. Baadhi ya wanavyuoni wa mji walikataa, wakaona kuwa tari haifai kuingia msikitini. Mabishano hayo yalikuwa makali, na hata leo wako wasemao hivi na wasemao vile. Lakini yeyote atakayekuwa upande wowote hawezi kukanusha matokeo yake. Watu waliokuwa wakifukuzwa katika vikao vya elimu walipata kikao ambacho sauti zao zilitakiwa. Walikuwa na ngoma zao walizotoka nazo bara. Akawapa kasida za kumsifu Mtume mahali pa ngoma hizo, wakaingia katika dini kwa furaha na si kwa fimbo.

Kiasi cha mwanzo wa karne ya 20 palisimama pale Langoni, juu ya mchanga, msikiti uitwao Riyadha, kwa kufuata jina la msikiti wa al-Habshi huko Seiyun. Ukawa msikiti na chuo pamoja. Wanafunzi walikuja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwanafunzi maskini hakudaiwa ada. Alipata pa kulala na cha kula, na gharama zilitoka katika sadaka, wakfu na nadhiri za watu. Katika darsa, mwana wa sharifu, mwana wa Mbajuni na mwana wa mtumwa walikaa juu ya mkeka mmoja.

Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya kuuondoa utumwa katika pwani ile. Sheria hiyo iliruhusu mabwana walipwe fidia kwa kupotewa na watumwa wao; watumwa wenyewe hawakulipwa kitu kwa miaka waliyotumikishwa. Walitoka mikono mitupu, hawana shamba wala nyumba wala ukoo wa kuwategemeza. Basi hapo ndipo ilipodhihiri hekima ya Habib Saleh. Serikali iliwaachia miili. Yeye alikuwa amekwisha kuwapa, miaka mingi kabla ya sheria, elimu na jamaa na msikiti wa kuusema kuwa ni wao. Aliyewekwa huru bila ya kuwa na mtu ni kama mashua iliyokatwa kamba usiku wa upepo. Watu wa Langoni walikatwa kamba wakiwa na pahali pa kutia nanga.

Zama zile zile Unguja walikuwako wanavyuoni wakubwa wa njia hiyo hiyo: Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija, akawa kadhi Unguja; na Sheikh Abdalla Bakathir, aliyezaliwa Lamu, akaanzisha chuo chake Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Hao walisifika kwa upana wa elimu na vitabu. Habib Saleh hakusifika kwa vitabu alivyoandika. Alisifika kwa watu aliowainua. Na kila mmoja alipewa na Mola wake mlango wa kuingilia.

Habib Saleh alifariki Lamu katikati ya miaka ya 1930, naye ni mzee wa zaidi ya miaka 80. Mji uliokuwa umemdharau ulitoka kumzika. Kazi yake haikufa naye, kwani mwanawe Sayyid Ahmad Badawi na wanawe wengine, kisha wajukuu, waliishika Riyadha. Maulidi ya Lamu, yasomwayo kila mwaka katika mwezi wa Mfunguo Sita, yamekuwa makutano makubwa ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na watu huenda kulizuru kaburi lake. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliandikwa katika urithi wa dunia. Wageni husifu milango ya kuchongwa ya Mkomani. Lakini kinachoita maelfu kila mwaka ni msikiti uliosimama upande wa Langoni.

Haya ndiyo maisha yake kwa ufupi. Ama mafunzo yake kwa watu wa ziwa hili, yako wazi.

La kwanza, msaada humfuata mnyonge alipo. Tangu mwaka 2017 maelfu ya watu wa Kongo waliokimbia vita katika nchi ya Katanga na Tanganyika waliingia Nchelenge, na mwaka 2018 likafunguliwa kambi la Mantapala kwa ajili yao. Wengi wao husema Kiswahili. Ni wana wa nchi zile zile zilizopitwa na misafara ya zamani. Safari hii wamekuja wenyewe, nao wanatafuta amani. Na Mwislamu wa Kashikishi amepewa nafasi ya kuwapokea kwa mkono usioshika mnyororo.

La pili, msaada una wakati wake. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Hiyo ni sheria njema, lakini katika miezi hiyo mjane anayeishi kwa kuanika chisense hana cha kuanika. Sadaka ya mwezi wa Januari ina uzito wake.

La tatu, chakula hushibisha siku moja, na elimu hudumu. Mtoto yatima akipewa unga ashukuriwe Mungu. Akipewa unga na ubao wa kuandikia, hapo ndipo amewekwa huru.

La nne, na ndilo gumu, ni kuketi pamoja. Sadaka itolewayo kwa mbali humwacha maskini pale pale alipokuwa. Habib Saleh alitandika mkeka mmoja, akakaa juu yake yeye mwenyewe kabla ya kumwita mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Habib Saleh, ainawirishe kaburi yake, awarehemu na wote waliochukuliwa katika nchi hizi wakafa njiani bila ya kujulikana majina yao wala makaburi yao, na aijaalie jumuiya hii kuwa miongoni mwa wenye kufuata njia ya wema. Amin.