Sayyid Muhammad: Kujitetea Kuna Mpaka

Tuseme uko malishoni Hulugho, wanakuja watu na silaha kuchukua ng'ombe wenu. Utakaa tu uangalie? La, utatetea. Lakini kesho yake, je, unaruhusiwa kumpiga mtu wa ukoo wao asiyejua lolote? Kabla hujajibu, hebu tuangalie maisha ya Sayyid Muhammad Abdille Hassan.

Alizaliwa karne ya 19 katika ukoo wa Ogaden. Alisoma dini, akaenda kuhiji Makka, na huko akaingia twariqa ya Salihiya. Wakati huo Waingereza, Waitalia na Wahabeshi walikuwa wakigawana nchi ya Wasomali. Mwaka 1899 akakusanya wafuasi, wakaitwa Darawishi, na vita vikaanza. Mwaka 1900 waliivamia kambi ya Wahabeshi pale Jijiga, baada ya ngamia wa Waogaden kuporwa. Hapo alikuwa anadai haki, si ndio?

Lakini kijana mwenzangu, vita vikirefuka mtu husahau adui ni nani. Darawishi wakawa wanavamia hata Wasomali wenzao waliokataa kuwafuata. Mwaka 1909 kundi lao lilimuua Sheikh Uways wa Barawa, pamoja na wanafunzi wake, huko Biyoley. Alikuwa mzee, mwanachuoni wa Qadiriya ambaye mafundisho yake yalifika hadi Zanzibar. Ugomvi wake na Sayyid ulikuwa wa maneno na mashairi, si wa bunduki. Mwaka huohuo baadhi ya wafuasi wa Sayyid walimwacha.

Mwaka 1920 Waingereza waliipiga ngome yake ya Taleh kwa mabomu ya ndege. Akakimbilia Imi, na Desemba mwaka huo akafa kwa homa ya mafua.

Tumheshimu kwa kukataa kutawaliwa, lakini tusiige kila kitu. Qur'ani imemruhusu anayepigwa kujitetea, na hapo hapo ikamkataza kuvuka mpaka. Sheria ya Kenya nayo inataka nguvu iendane na hatari. Kwa hivyo hatari ikipita, weka rungu chini. Yaliyobaki ni kazi ya wazee na mahakama. Kulipiza kisasi kwa asiye na hatia si kujitetea, ni dhuluma.

Mfungaji akichokozwa, Mtume (SAW) alimfundisha aseme tu kwamba amefunga. Basi tuanze mazoezi na mwezi huu. Allah atukubalie saumu zetu. Amin.