Kisase Ngandu: Kamanda wa Ruwenzori ambaye hakufika Kinshasa

Mei 17, 1997, Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais na kuirudishia Zaire jina la Congo. André Kisase Ngandu, aliyekuwa mkuu wa jeshi la muungano uliompa Kabila ushindi huo, hakuiona siku hiyo. Alikuwa ameuawa huko Kivu Kaskazini tangu mwanzoni mwa Januari.

Kisase alikuwa Mtetela, kama Patrice Lumumba, na alishika siasa za Lumumba. Siasa hizo ndizo zilizozaa uasi wa Simba, uliotangaza Jamhuri ya Watu wa Congo mjini Stanleyville, sasa Kisangani, Septemba 1964. Dola hiyo ilianguka Novemba mwaka huohuo, baada ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kushuka mjini.

Kabila naye alipitia uasi huo. Mwaka 1967 aliunda chama cha Kimarx, PRP, kilichoshikilia milima ya Fizi kwa miaka mingi. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1990 chama hicho kilikuwa kimebaki na wapiganaji wachache, na Kabila mwenyewe aliishi Tanzania.

Kisase ndiye aliyekuwa na watu msituni. Kundi lake, CNRD, lilipigana na jeshi la Mobutu katika eneo la Ruwenzori, upande wa Beni, likisaidiwa na Uganda.

Oktoba 18, 1996, vyama vinne viliunda AFDL kwa mkataba wa Lemera. Kabila alikuwa msemaji, Kisase akakabidhiwa jeshi. Lakini nguvu kubwa ya vita ilitoka Rwanda, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kisase hakuficha hasira yake kuhusu mali iliyovushwa mpaka na maofisa wa kigeni walioamuru wapiganaji wa Congo.

Upande wa muungano ulidai aliviziwa na maadui. Watafiti wengi na wenzake wa zamani huwanyooshea kidole maofisa wa Rwanda.

Baada ya kifo chake, Kabila alibaki bila mpinzani ndani ya muungano. Serikali yake ilipoingia Kinshasa, ofisa wa Rwanda, James Kabarebe, akawa mkuu wa majeshi ya Congo. Julai 1998 Kabila aliwaamuru wanajeshi wa Rwanda waondoke. Agosti 2 vita vipya vikaanza, na Beni na Butembo zikaangukia mikononi mwa waasi waliosaidiwa na Uganda.

Je, Congo ya Kisase ingekuwa tofauti? Suala lililomgombanisha Kabila na Kigali mwaka 1998, Kisase alilidai mwaka 1996. Huenda angeweka masharti kabla ya kuingia Kinshasa. Huenda pia muungano ungevunjika njiani, kwa kuwa yeye naye alitegemea silaha za jirani.

Wala si hakika kwamba angetawala kwa kura. Kabila alipiga marufuku shughuli za vyama, na mwaka 1999 akaunda kamati za mamlaka ya wananchi zilizofanana na zile za dola za kikomunisti. Kisase naye alikuwa mtu wa bunduki.

Kati ya viongozi wanne wa Lemera, Kisase aliuawa 1997, Masasu Nindaga 2000 na Kabila 2001. Wa nne, Déogratias Bugera, alijiunga na waasi mwaka 1998.